Je, Kuona Mbali Ndiko Kujua?

Baada ya darsa ya Ijumaa iliyopita, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alituuliza suali ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Alikuwa ametazama picha za vita, zile zilizopigwa kutoka ndani ya helikopta, na moyo wake ukachafuka. Suali lake lilikuwa hili: mtu akaaye angani, mwenye chombo kinachomwonyesha usiku kama mchana, akimuua asiyestahiki kuuawa, je, ana udhuru? Na kama ni chombo kilichomwonyesha vibaya, kosa ni la nani?

Waliokuwapo waligawanyika. Mmoja alisema kosa ni la aliyeamrisha vita. Mwingine akasema ni la aliyeunda chombo. Wa tatu akasema vita ni vita, na aingiaye majini hakosi kulowa. Mzee mmoja, aliyekuwa nahodha wa majahazi kabla ya macho yake kudhoofika, alinyamaza mpaka wote walipomaliza, kisha akauliza: "Hicho chombo, chamwonyesha nini hasa?" Hapana aliyeweza kumjibu. Basi tumeona ni bora tukijue chombo chenyewe kabla ya kuhukumu, nini chaweza na nini hakiwezi, kwani mwenye kuhukumu jambo asilolijua huwa amekosa hata akisibu.

Helikopta haikuzaliwa silaha. Ilianza kwa kubeba majeruhi na mizigo. Katika vita vya Algeria, vya 1954 hadi 1962, Wafaransa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufunga mizinga midogo katika helikopta za kubebea watu ili kuwapiga wapiganaji wa milimani. Wamarekani nao wakafanya mfano wa hayo katika Vietnam, mpaka wakaona haja ya chombo kisicho na kazi nyingine illa kushambulia. Chombo hicho ni Cobra, kilichoruka mara ya kwanza 1965 na kuingia vitani 1967. Kilikuwa chembamba mno, kiwiliwili chake hakikufika upana wa mita moja, na watu wake wawili walikaa mmoja nyuma ya mwenziwe ili mtu wa chini asipate pa kulenga. Warusi wakatoa Mi-24, iliyoruka 1969, kubwa, yenye deraya, na tumboni mwake hubeba askari 8. Kisha ikaja Apache ya Wamarekani, iliyojaribiwa 1975 na kuingia jeshini katika miaka ya 1980. Hii ndiyo iliyopiga aghlabu ya picha alizozitazama kijana wetu. Wala msomaji asidhani kuwa ni silaha ya Wazungu peke yao, kwani Misri, Saudia, Kuwait na Imarati wanazo Apache. Suali hili basi si la kuwanyooshea wengine kidole.

Apache hubeba watu wawili. Mpigaji hukaa mbele, na rubani hukaa nyuma yake, juu kidogo. Puani mwa chombo pana macho ya kioo yanayozunguka, mengine ya kuongozea usiku, mengine ya kutafutia shabaha. Katika kofia ya kila mmoja pana kioo kidogo mbele ya jicho la kulia, na humo huyaona yale yanayoonwa na chombo. Chini ya kiwiliwili pana mzinga wa milimita 30 ambao waweza kufuata kichwa cha mtu: akigeuka kulia, mtutu hugeuka kulia, akitazama chini, nao hutazama chini. Mzinga huo hutoa risasi zaidi ya 600 kwa dakika, na risasi yenyewe hupasuka ifikapo, kwa hiyo si lazima impate mtu mwilini ndipo imuue. Ubavuni hubeba makombora ya Hellfire hadi 16, yanayofika masafa ya kilomita 8, yaani takriban kutoka Ngome ya Mombasa hadi ufuo wa Bamburi. Msomaji na asimame ufuoni Bamburi atazame upande wa Mji wa Kale, kisha ajiulize nani aliye pale.

Amma suali la nahodha, jibu lake ni hili. Kioo cha usiku hakionyeshi nuru, huonyesha joto. Mwili wa mtu una joto kuliko ardhi ya usiku, kwa hiyo hutokeza kama umbo jeupe juu ya weusi, au jeusi juu ya weupe, kwa kadiri alivyopenda mwenye kutazama. Injini ya gari iliyozimwa karibuni hung'aa. Hata mahali alipokuwa amelala mtu huweza kuonekana kitambo kidogo baada ya kuondoka. Kwa kioo hiki mpigaji ajua kwamba pale pana watu, ni wangapi, wanakwenda au wamesimama, na kwamba mmoja ameshika kitu kirefu. Hayo ni mengi, na askari wa zamani wangeyaonea wivu. Walakini kitu kirefu kile ni nini? Jembe, fimbo ya mzee, bomba la maji, mguu wa kamera na bunduki vyote vyaweza kutoa umbo moja. Na juu ya yote, kioo hakionyeshi nia. Hakionyeshi kwamba huyu atoka msibani na yule aenda kutega.

Tulipomweleza nahodha haya alicheka. Alisema katika ujana wake walikuwa wakimpandisha kijana mlingotini kutazama, naye hupiga kelele, "Tanga! Tanga upande wa joshini!" Wote hushukuru kwa kuonywa. Lakini hapana aliyemuuliza kijana yule wa mlingotini kama chombo kile ni cha rafiki au cha mwizi, kwa sababu kila mtu alijua kwamba hilo halijulikani kutoka juu. Hujulikana mkikaribiana na mkaitana.

Sasa na tutazame jambo lililotokea Baghdad tarehe 12 Julai 2007, kwani picha zake zilipigwa na chombo chenyewe, na zilipotolewa Aprili 2010 dunia nzima ilizitazama. Asubuhi hiyo askari wa Marekani walikuwa wamepigwa risasi katika mitaa ya mashariki ya mji. Apache mbili zikazunguka juu. Wapigaji wakaona kundi la wanaume wapatao kumi wakitembea barabarani. Kati yao walikuwamo wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters, Namir Noor-Eldeen, mpiga picha wa miaka 22, na Saeed Chmagh, dereva na msaidizi, mwenye miaka 40. Namir akachutama penye pembe ya nyumba, akachungulia na kamera yake yenye kioo kirefu. Mpigaji akasema ni kurusha kombora. Dakika chache baadaye Namir alikuwa amekufa. Saeed alijeruhiwa akawa anatambaa. Likaja gari dogo, wakashuka watu kumwinua. Gari likapigwa nalo. Saeed akafa, na dereva akafa, na ndani ya gari walikuwamo watoto wawili, wakajeruhiwa.

Uadilifu wataka tuseme na upande wa pili. Uchunguzi wa jeshi lao ulisema kuwa baadhi ya watu wa kundi lile walikuwa na silaha, na kwamba wapigaji walifuata kanuni walizopewa. Sisi hatuna haja ya kuyakanusha hayo ili tufike tunakokwenda. Tuchukulie kuwa ni kweli, kisha tusikilize maneno yaliyopita hewani. Mpigaji aliona maumbo. Akawapasha khabari walio chini kwamba ameona watu wenye silaha, akaomba ruhusa. Wale walioombwa hawakuwa wakiona alichokiona, walijua tu kwamba askari wao hawako mahali pale. Wakampa ruhusa. Naye akaipokea ruhusa ile kana kwamba ni uthibitisho wa alichokisema. Yaani neno lilitoka kinywani mwake likiwa ni dhana, likazunguka kwa wakubwa, likamrudia masikioni likiwa limevaa nguo za yakini. Alijishuhudia mwenyewe, na akauamini ushahidi wake kwa sababu aliusikia kwa sauti ya mtu mwingine.

Hapa ndipo penye kosa kwa maoni yetu, wala si katika kioo. Kioo kilionyesha kwa haki kile kiwezacho kuonyesha.

Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Kila mwaka usiku wa kuandama mwezi huja mtu akasema ameuona. Je, huambiwa ahsante, kisha watu wakanuia kufunga? Hasha. Huulizwa: aliuona upande gani wa pale jua lilipotua, juu au chini? Pembe zake zilielekea wapi? Alikuwa na nani? Kulikuwa na wingu? Wala hapana aonaye kuwa mtu yule ametukanwa kwa kuulizwa hivyo, na huenda akawa mtu mwema mwenye macho makali. Huulizwa kwa sababu kuona ni jambo moja, na kilichoonwa ni jambo jingine, na jicho lenye hamu huona kile linachokitafuta. Mjadala wote huo ni kwa ajili ya siku moja ya saumu. Katika Baghdad ilikuwa ni roho za watu, na maswali yaliyoulizwa yalikuwa machache kuliko hayo.

Kuna aliyetwambia: "Lakini mpiga mizinga mikubwa, au mwenye ndege ya kuangusha mabomu kutoka juu kabisa, hao hawaoni kitu. Je, huyu wa helikopta aonaye kidogo awe na lawama kuliko asiyeona kabisa?" Hoja hii ina uzito, na hatutaki kuipuuza. Kwa hakika helikopta, ikiwa mikononi mwa mwenye subira, yaweza kujizuia mahali ambapo mzinga hauwezi. Mzinga ukishapiga haurudi, lakini mpigaji wa helikopta aweza kungoja, kuzunguka, kutazama tena kwa upande mwingine. Tena wako askari wengi wa miguu waliozingirwa ambao hawangekuwa hai lau si helikopta iliyokuja kuwaondolea adui. Hayo yote twayakubali. Ila tazama yanatufikisha wapi: maadamu aweza kungoja na kutazama tena, basi amepewa njia ya kuuliza ambayo wenziwe hawakupewa, na aliyepewa njia akaiacha hasemi sawasawa na asiyekuwa na njia.

Tumekaa sana juu ya nguvu za chombo hiki. Udhaifu wake nao ni lazima tuutaje, kwani pasipo kuujua hatutafahamu kwa nini makosa haya hurudi na kurudi.

Helikopta huning'inia hewani kwa mabapa yake yanayozunguka, na hewa ikiwa nyembamba, kama milimani, au ikiwa ya moto, kama jangwani, mabapa hukosa cha kushika. Warusi waliyaona haya katika Afghanistan baina ya 1979 na 1989. Mi-24 zao, pamoja na deraya na makombora, zilikuwa nzito kwa milima ile, na mara nyingi ziliwabidi zikimbie ardhini kama ndege za kawaida kabla ya kupaa, kwa kuwa hazikuweza kujiinua zikiwa zimesimama. Kisha Septemba 1986, karibu na Jalalabad, wapiganaji wakaanza kuzitungua kwa kombora la begani liitwalo Stinger, linalofuata joto la injini. Tangu hapo marubani waliacha kuruka walivyokuwa wakiruka. Wengine walikwenda chini kabisa, wakigusa vilele vya miti, na wengine wakapanda juu sana, ambako hawakuweza kumwona mtu.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Machi 2003, Apache zipatazo 30 zilitumwa karibu na Karbala, Iraq, kuvipiga vifaru vya kikosi teule cha serikali ya nchi ile. Zilipopita juu ya nyumba na mashamba, risasi za bunduki za kawaida zikatoka chini kila upande. Karibu zote zilirudi zimetobolewa. Moja ilianguka, na watu wake wawili wakatekwa, wakaachiliwa wiki chache baadaye. Serikali ya Iraq ikamwonyesha mkulima mmoja mwenye bunduki kuukuu, ikasema ndiye aliyeiangusha. Vita vilipokwisha, mkulima mwenyewe alikana. (Kumbe si wa angani tu wanaoamini kile kinachopendeza kuonwa.) Tena katika vita vya Ukraine tangu 2022, helikopta nyingi za Urusi zimeangushwa, na zilizobaki zikajifunza kupiga kutoka masafa ya mbali.

Na wakati mwingine adui hahitajiki. Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta nne za jeshi la Uganda ziliondoka kwao kwenda Somalia kupigana na Al-Shabaab, zikapita juu ya nchi yetu hii ili zijaze mafuta Garissa. Moja ilifika. Tatu zilizobaki, za aina ya Mi-24, zikaanguka Mlima Kenya. Baadhi ya watu wake walikufa, na wengine wakaokolewa katika baridi ya mlima. Hapana aliyezipiga risasi hata moja.

Sasa tuunganishe mambo haya mawili, nguvu na udhaifu. Watu hudhani kwamba udhaifu wa silaha humpunguzia mtu hatari ya kudhulumu. Katika chombo hiki ni kinyume. Mwenye kukaa ndani yake ajua kwamba ngozi yake ni nyembamba, na kwamba mtu mmoja mwenye kombora begani aweza kummaliza. Kwa hiyo hujiweka mbali, na kila akijiweka mbali hupungukiwa na ujuzi. Hujitahidi kuwahi kabla ya kuwahiwa, na kila akiharakisha hupungukiwa na maswali. Lakini ule mzinga wake na yale makombora hayapungui nguvu kwa kuwa mbali. Basi hofu humvuta nyuma, na uwezo wa kuua hubaki pale pale, na katikati yake hubaki pengo. Pengo hilo hujazwa na dhana. Ndiyo maana Namir alipochungulia penye pembe ya nyumba, mpigaji hakuona mtu anayechungulia. Aliona kile kitu anachokiogopa kuliko vyote.

Na pengo hili halichagui taifa wala dini. Tarehe 17 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, Apache ya Marekani iliyapiga magari mawili ya Wamarekani wenyewe usiku, ikaua askari 2 na kujeruhi 6. Mpigaji alikuwa ndiye kamanda wa kikosi. Alikuwa na shaka juu ya mahali yalipo magari yale, akaisema shaka yake, akaambiwa ni maadui, akapiga. Tarehe 1 Machi 2011, katika jimbo la Kunar, Afghanistan, helikopta za majeshi ya NATO ziliwaua wavulana 9 waliokuwa wakiokota kuni mlimani, zikiwadhania kuwa ndio waliorusha makombora kwenye kambi. Jenerali Petraeus aliomba radhi hadharani. Hatusemi kuomba radhi si kitu. Twasema tu kwamba aliyebeba kuni, akitazamwa kutoka mbali na mwenye kuogopa, amebeba silaha.

Amma tukio la Mogadishu la tarehe 12 Julai 1993 lina somo jingine, tena latugusa sisi wa Kenya. Siku hiyo helikopta za Cobra za Marekani, zilizokuwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Mataifa, zilipiga nyumba moja kwa makombora 16. Ndani ya nyumba walikuwa wamekutana wazee na wakubwa wa kabila la Jenerali Aidid. Walioamrisha walisema ni kituo cha kupangia vita. Wasomali walisema ulikuwa ni mkutano wa wazee, na kwamba wengi wao walikuja kujadili sulhu. Hesabu ya waliokufa imekuwa na mabishano tangu siku hiyo, na Msalaba Mwekundu ulitaja watu 54.

Kombora walilolitumia laitwa TOW. Likitoka huvuta nyuma yake waya mwembamba, unaorudi hadi kwenye chombo, na mpigaji hana budi kukiweka kioo chake juu ya shabaha mpaka kombora lifike. Hapana hata moja lililopotea kwa bahati. Kila moja lilishikwa mkononi, kwa waya, mpaka mlangoni. Basi hapa hatuwezi kusema kioo kilikosea, wala mpigaji alikosea. Nyumba iliyotakiwa ndiyo iliyopigwa. Kosa, ikiwa lipo, lilikuwa katika neno lililosemwa kabla helikopta hazijapaa: waliomo humo ni nani, na wamekutania nini. Usahihi wa mkono hausahihishi neno. Bali neno likiwa bovu, mkono sahihi hulitimiza lote.

Waandishi wa habari walikimbilia pale kupiga picha. Watu waliokuwa wakitoa maiti za jamaa zao kwenye kifusi wakawageukia kwa hasira, wakawaua wanne: Dan Eldon, aliyekulia Nairobi, Hansi Krauss, Mjerumani, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Wale hawakuwa na silaha wala helikopta, walikuwa na kamera. Umati nao uliona watu wageni wenye vyombo, ukadhani umejua. Watatu kati ya wanne hao walikuwa wa Reuters, na miaka 14 baadaye, siku na mwezi ule ule, Namir na Saeed wa Reuters waliuawa Baghdad.

Turudi kwenye suali la kijana. Ana udhuru au hana? Sisi twaona hivi. Mwenye kupigwa risasi, akampiga yule ampigaye, huyo hatumjadili. Mwenye kuona umbo lisilompiga, naye ana muda na mafuta ya kuzunguka mara ya pili, kisha akachagua kuamini, huyo hana udhuru wa kusema "chombo kilinionyesha". Chombo hakikumwambia neno "silaha", alilisema yeye. Lile gari dogo la Baghdad halikupiga mtu. Lilikuja kubeba majeruhi.

Je, aliyetoa ruhusa? Naye ana lake, kwa kuruhusu asichokiona. Na aliyetunga kanuni? Ana lake. Na dola iliyoanzisha vita? Ana lake kubwa. Katika mirathi, warithi wakizidi, fungu la kila mmoja hupungua, na huenda nyumba nzuri ikagawanywa mpaka isimfae yeyote. Watu wengi hudhani lawama ya damu nayo hugawanyika hivyo, kila aliyetia mkono akaondoka na robo ya thumni, na mwishowe hapana aliyeua. Sisi hatuoni hivyo. Kumi wakishirikiana, kila mmoja hurudi nyumbani na mzigo mzima.

Kijana alipoyasikia haya alisema twataka jambo lisilowezekana, kwamba mtu wa angani hawezi kujua zaidi ya hapo, na kumtaka ajue ni kumtaka aache kazi. Tukamwonyesha kwamba limewezekana, na lilifanywa na rubani wa helikopta, katika vita vile vile vya Vietnam vilivyozaa chombo hiki.

Tarehe 16 Machi 1968, Hugh Thompson alikuwa akirusha helikopta ndogo ya upelelezi juu ya kijiji cha My Lai, pamoja na wenziwe wawili, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, na juu yao helikopta za mizinga zikiwalinda. Walikuwa wakitafuta adui. Kutoka angani waliona maiti mashambani na mitaroni, wakakisia mambo mengi: labda ni mizinga iliyowaua, labda walikuwa wakikimbia. Lakini makisio hayakulingana na kilichoonekana, kwani walikuwamo watoto na vikongwe. Thompson hakuridhika na makisio. Alishuka. Akasema na askari waliokuwa chini, akaona kwa macho yake, akajua kwamba ni askari wa jeshi lake mwenyewe wanaowaua wanakijiji. Akapaa, na alipoona askari wakiwaendea watu waliojificha katika handaki, alitua baina yao, akawaambia wenziwe kwamba askari wale wakiwapiga wanakijiji, wao nao wawapige. Kisha akawatoa watu wale, wapatao kumi, kwa mkono. Chombo chake kilikuwa kidogo hakikuweza kuwabeba, akaita helikopta ya mizinga iliyokuwa juu, na rubani wake akatua, akawapakia wanakijiji kwa safari mbili. Andreotta akaingia mtaroni kati ya maiti, akamtoa mtoto aliyekuwa hai, wakamrusha hadi hospitali ya Quang Ngai.

Alipotoa khabari kwa wakubwa wake, mauaji yakasimamishwa. Kwa miaka mingi alilaumiwa na watu wa nchi yake, hata mmoja wa wabunge wao akasema yeye ndiye astahikiye kuadhibiwa. Nishani walimpa 1998, baada ya miaka 30.

Katika Baghdad pia palikuwa na waliofika kwa miguu. Askari walipolifikia lile gari dogo na kuchungulia ndani, walijua kwa dakika moja kile ambacho kioo hakikukionyesha muda wote ule, wakawatoa watoto wawili, wakakimbia nao mikononi kuwatafutia tiba. Wakati huo mmoja wa waliokuwa angani alisikiwa akisema kwamba kosa ni la waliowaleta watoto vitani.

Kenya nayo ina helikopta za kushambulia, na Januari 2020 jeshi letu lilipokea 6 za aina ya MD 530F. Watakaokaa ndani yake ni watoto wa nchi hii, na chini yao, katika Lamu, Garissa na Mandera, ni wachungaji wenye fimbo na wavuvi wenye makasia. Kwa hiyo twaona ni haki ya raia kuuliza ni maswali gani mpigaji hufundishwa kuyauliza kabla ya kupiga, kama tunavyouliza daktari amesomea wapi.

Nahodha aliposomewa kisa cha Thompson alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba huyo alijua kazi ya mlingotini. Kijana hakuridhika bado. Ametuambia kwamba Japani, Desemba 2022, ilikata shauri kuacha helikopta zake za kushambulia na kuweka mahali pake ndege zisizo na rubani, na ataka kujua, chombo ambacho hakina mtu ndani yake, ni nani atakayeshuka? Tumemtaka aliandike suali lake vizuri, alilete Ijumaa ijayo.